Pezi Moja, Mapezi Matatu

Kila chombo cha baharini kina omo na tezi, na ubao wa kupandia mawimbi haukosi viwili hivyo. Ulichokikosa kwa karne nyingi ni mkuku. Wahawaii, ambao ndio walioukuza mchezo huu hata ukawa na mbao za machifu na mbao za watu wa kawaida, walizichonga kwa miti kama koa na wiliwili, wakazilainisha, wakazipaka mafuta, na tumbo la ubao wakaliacha tupu. Ule uitwao olo ulikuwa mrefu na mzito, nao ulinasibishwa na machifu. Alaia ulikuwa mfupi na mwembamba kuliko huo. Haukuwako uliokuwa na pezi. Lugha yao yenyewe yakiri jambo hilo: kupanda mawimbi kwa Kihawaii ni he'e nalu, na he'e ni kuteleza, na nalu ni wimbi. Aliyesimama juu ya ubao aliteleza, na tezi ya ubao nayo ikateleza ilikopelekwa na maji.

Habari hizi zaweza kuonekana ni za mbali kwa watu ambao mawimbi yao huvunjwa na matumbawe kabla ya kufika pwani. Lakini umbali huo si mkubwa kama ramani inavyodai. Ngalawa yenye mirengu miwili, inayovuliwa samaki toka Lamu hadi Mtwara, inahesabiwa na wataalamu wengi kuwa ni jamaa wa mitumbwi ya wale mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki waliofika Madagaska upande mmoja na Hawaii upande wa pili. Na hadi leo Kimalagasi na Kihawaii ni lugha za ukoo mmoja. Basi anayesikia habari za Waikiki akiwa amekaa juu ya ngalawa hasikii habari za wageni watupu.

Pezi la kwanza lenye tarehe inayojulikana lilitiwa Waikiki mwaka 1935, na aliyelitia hakuwa mtu wa bahari kwa kuzaliwa. Tom Blake alizaliwa mwaka 1902 huko Wisconsin, Marekani, nchi ya maziwa na theluji. Mwaka 1920, katika jumba la sinema la mji wa Detroit, alikutana na Duke Kahanamoku, Mhawaii muogeleaji aliyekuwa ameshinda dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Wakapeana mkono. Yasemekana mkono huo ndio uliompeleka Blake pwani, na miaka michache baadaye akawa Honolulu, ndani ya Jumba la Makumbusho la Bishop, akizitengeneza upya mbao kongwe za machifu zilizokuwa zimeharibika. Kutokana na mbao hizo akapata wazo la ubao wenye uwazi ndani, mwepesi kuliko ule wa gogo zima, na mwaka 1932 serikali ya Marekani ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Ubao huo ulikuwa na mbio, na waokoaji wa pwani waliupenda. Lakini kadiri ulivyokuwa mwepesi ndivyo tezi yake ilivyokimbia ovyo pale mpandaji alipotaka kulikata wimbi kwa ubavu badala ya kwenda nalo moja kwa moja hadi ufukoni.

Blake akachukua mkuku wa chuma wa boti ya mwendo wa kasi iliyokwisha kutupwa, kitu cha urefu wa kama futi moja na kina cha inchi nne hivi, akaufunga chini ya ubao, karibu na tezi. Akaingia nao majini. Ubao uliokuwa ukimtoroka ukawa unakaa alipouweka, na alipotaka kuugeuza, ukageuka bila ya kuzunguka kama pia. Mtu angedhani kuwa siku ya pili yake pwani nzima ilikuwa inatafuta mikuku. Sivyo ilivyokuwa. Ilipita miaka kama kumi kabla ya pezi kuwa jambo la kawaida, na katika muda huo wapandaji wengi waliendelea kuteleza kama walivyoteleza mababu.

Tena palikuwa na jawabu jingine, na ni haki kulitaja, kwa sababu walioshindwa husahauliwa upesi. Mwaka 1937 vijana wa Honolulu, miongoni mwao John Kelly na Wally Froiseth, walichoshwa na mbao zilizowaangusha kwenye mawimbi makali. Hawakutafuta mkuku. Walichukua shoka wakaupunguza ubao upande wa tezi, wakaufanya mwembamba na tumbo lake wakalichonga mfano wa herufi V, hata tezi yenyewe ikazama majini na kushika. Kwa mbao hizo waliyaingia mawimbi ambayo hapo kabla watu waliyatazama tu. Maana yake ni kuwa shida ilikuwa moja, nayo ni tezi inayotoroka. Blake aliitibu kwa kuongeza kitu, na wale vijana kwa kupunguza. Dunia ikafuata kuongeza.

Lakini pezi moja lafanya nini hasa? Limo katikati, mwisho wa ubao, limeshuka ndani ya maji kuliko kitu kingine chochote. Ubao wote hulizunguka hilo, kama mlango unavyozunguka bawaba yake. Haliongezi mbio. Mbio zatoka kwa wimbi, na mpandaji kazi yake ni kutambua mahali ambapo wimbi lina nguvu, kisha apaendee, akae hapo. Akitaka kwenda kasi husogea mbele kwa hatua. Akitaka kugeuka hurudi nyuma, hulalia ubavu wa ubao, husubiri. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi. Ubao wa pezi moja hauitikii mguu wenye haraka: ukiukanyaga kwa nguvu mahali ambapo wimbi limesimama wima, ubao hulala ubavu, na pezi, kwa kuwa li katikati, hunyanyuka likatoka majini, tezi ikafyatuka, na mtu akajikuta ndani ya povu. Kwa hiyo mapito yake ni marefu na mapana. Anayemtazama kutoka ufukoni humwona mtu asiyefanya mengi.

Wapenzi wa ushairi wanalo jambo la karibu la kulifananisha nalo. Katika utenzi, kina cha bahari ni kimoja tu, kipo mwisho wa ubeti, na mishororo mitatu ya mwanzo yote inakiendea hicho. Hakina mwenziwe wa kati wa kukisaidia. Mtungaji asiyekuwa na subira hukifikia kabla maana haijaiva, na msikilizaji hujua papo hapo.

Kwa miaka zaidi ya thelathini pezi moja lilitawala, na hata yale yaliyoitwa mapinduzi yalifanyika chini ya utawala wake. George Greenough wa California, mtu aliyependa kupanda mawimbi kwa magoti, aliacha kulitazama pezi kama kipande cha mkuku akalitazama kama pezi kweli, la samaki: jembamba, lililopinda kurudi nyuma, lenye kunyumbuka. Mwaka 1966, katika mashindano ya dunia ya San Diego, Nat Young wa Australia alishinda kwa ubao mwepesi uliokuwa na pezi la namna hiyo. Baada ya hapo mbao zikafupishwa kwa kasi, futi baada ya futi. Katika miaka ya sabini Gerry Lopez alisimama ndani ya pango la wimbi la Pipeline, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, mahali ambapo maji yanajikunja juu ya mwamba usio mbali na miguu ya mtu, akiwa ameteremsha mikono kana kwamba anamngoja mtu barazani. Chini yake palikuwa na pezi moja. Wimbi la Pipeline lina nguvu za kumtosha kila mtu. Hapo hapana haja ya kuzitengeneza, na makosa yanahesabiwa kwa mwamba.

Shida ilikuwa katika mawimbi madogo, ambayo ndiyo mengi duniani. Mapezi mawili hayakuwa mapya: Bob Simmons wa California, aliyesoma hesabu za maji na upepo na ambaye bahari ilimchukua Windansea mwaka 1954, alikwisha kuyatia katika mbao zake, na mwaka 1967 Steve Lis wa San Diego alitengeneza ubao mfupi wenye tezi mfano wa mkia wa samaki na mapezi mawili mapana. Aliyeyapa mapezi mawili taji ni Mark Richards wa Newcastle, Australia. Alimwona Mhawaii Reno Abellira akija na ubao mfupi wa jinsi hiyo mwaka 1976, akaushughulikia kwa mikono yake mwenyewe, kisha akawa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, toka 1979 hadi 1982. Mapezi mawili yamekaa karibu na mbavu za ubao. Ubao ukilala, moja huzama zaidi badala ya kutoka. Basi hugeuka upesi na kukimbia hata pasipo na nguvu. Ila katikati ya tezi hapana kitu, na wimbi likikua ubao hukumbuka asili yake, ukateleza.

Richards aliweza kuvumiliana na hilo. Simon Anderson hakuweza. Anderson alikuwa mchongaji na mshindani wa Narrabeen, kaskazini mwa Sydney, mtu wa miraba minne, mrefu, mwenye uzito. Mwaka 1977 alishinda mashindano makubwa ya Bells Beach kwa pezi moja. Mwisho wa muongo huo, mchezo ulikuwa umehamia kwenye mawimbi madogo na miguu ya haraka. Waamuzi walihesabu mageuzo, na mwenye pezi moja alikuwa na mageuzo machache ya kuwaonyesha. Akapanda ubao wa mapezi mawili, ukamtoroka. Mwili ule ulikuwa ukiikanyaga tezi kwa nguvu ambazo mapezi mawili hayakuweza kuzishika. Akarudi kwenye pezi moja, akashindwa na watu aliokuwa akiwashinda. Ni vyema kulikumbuka hili, kwa sababu siku hizi wako wanaoyasimulia mapezi matatu kana kwamba yalizuliwa na wafanyabiashara ili kuwaharibia wazee mchezo wao. Yalizuliwa na mtu mmoja mwenye mwili mkubwa ambaye riziki yake ilikuwa inamponyoka, na ambaye, kwa bahati, alikuwa na chombo cha kuchongea mkononi.

Oktoba 1980 alimwona mwenzake Frank Williams na ubao wa mapezi mawili uliotiwa kipande kidogo cha tatu nyuma, kama nusu mwezi, kwa ajili ya kuutuliza tu. Wazo la mapezi matatu nalo halikuwa geni, kwani ndugu wawili wa ukoo wa Campbell huko California walikuwa wakilifuata kwa njia yao tangu mwanzo wa miaka ya sabini. Anderson alichofanya ni kuyafanya matatu yawe sawa au karibu na sawa. Mawili aliyaweka mbele, karibu na mbavu, yakielekeza nyuso zao kidogo ndani kuelekea omo na yakiinamia nje. La tatu akaliweka nyuma katikati. Akauita ubao huo Thruster, jina lenye maana ya kitu kisukumacho.

Kusukuma huko si maneno ya dukani. Pezi la mbele, kwa kuwa limewekwa mshazari, hupokea maji kwa pembe, na mpandaji anapoukandamiza ubao upande mmoja kisha wa pili, maji hulisukuma pezi na pezi huusukuma ubao mbele, jinsi mkia wa samaki unavyofanya. La nyuma hushika tezi isitoroke. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujitengenezea mbio mahali ambapo wimbi halikumpa. Akaweza pia kupanda hadi kwenye ushungi wa wimbi, akageuka papo hapo, akashuka, akarudi tena, bila ya kungoja ruhusa ya maji. Gharama yake ipo: vitu vitatu huburuta maji zaidi ya kimoja, na ubao wa mapezi matatu ukiachwa uende wenyewe, bila ya kukandamizwa, hupoa. Wataka kufanyiwa kazi muda wote.

Mwanzoni wenzake walicheka. Kisha, wakati wa Pasaka ya mwaka 1981, bahari ya kusini ilileta Bells Beach mawimbi makubwa ambayo watu wa huko hawajaacha kuyataja. Wenye mapezi mawili walikuwa wakipambana na mbao zao. Anderson aliyateremka mawimbi yale na kugeuka chini yake kana kwamba ameshikiliwa na reli, akashinda. Mwaka huohuo akashinda mashindano makubwa ya Sydney, na Desemba akashinda Pipeline, kwenye makao yenyewe ya pezi moja. Taji la dunia la mwaka ule halikumwendea yeye, lilikwenda kwa Richards na mapezi yake mawili, na la mwaka uliofuata vilevile. Lakini wachongaji hawakungoja hesabu za mataji. Katika muda wa miaka michache mbao za pezi moja zilipandishwa darini, zikapewa watoto wajifunzie, zikatupwa. Kijana wa mwaka 1985 aliyebeba pezi moja kwenda pwani alionekana kama mtu aliyekuja harusini na nguo za babu yake.

Hapa ndipo penye hasara, na si ile inayotajwa mara nyingi. Mapezi matatu hayakuwanyima watu uzuri. Waliokuja baadaye walifanya juu yake mambo ambayo Lopez hakuyaota. Hasara ni kwamba jawabu la shida ya mtu mmoja, katika mawimbi ya aina fulani, liligeuzwa kuwa jawabu la watu wote katika mawimbi yote. Mtu wa makamo, mwenye magoti yasiyokunjika vizuri, katika ghuba ambayo mawimbi yake ni marefu na ya polepole, aliuziwa ubao mwembamba wa mashindano ulioundwa kwa ajili ya kijana aliyehesabiwa pointi. Akaukandamiza huku na huku, wimbi likampita. Wengi waliuacha mchezo wakidhani wamezeeka, ilhali kilichowakosea ni ubao.

Ugomvi uliozuka baadaye kati ya makundi mawili haya unawakumbusha wasomaji wa ushairi wa Kiswahili ugomvi wao wenyewe. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipoitoa diwani yake ya Kichomi, wako waliosema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, na wako waliosema kuwa vina na mizani ni pingu. Hata hivyo mfano huu haufiki mbali, na yafaa uachiwe hapo ulipofika. Mashairi huru yaliondoa sharti. Mapezi matatu yaliongeza vitu chini ya ubao, na uhuru ukazidi. Aliye na pezi moja ndiye aliyefungwa zaidi. Vifungo vyake vimo katika wimbi, na kila wimbi linamfunga kivingine.

Katika miaka ya tisini pezi moja lilirudi, kwanza kwa mbao ndefu. Joel Tudor wa San Diego, kijana wakati huo, aliuchukua mwendo wa watu wa miaka ya sitini bila ya kuufanyia mzaha, na vijana wengine wakamfuata. Kisha baada ya mwaka 2000, huko Noosa, Australia, Tom Wegener akaenda nyuma zaidi: akachonga upya alaia, mbao nyembamba zisizo na pezi hata moja, kwa kuzifuata zile zilizokuwa zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Bishop, jumba lilelile alimofanya kazi Blake. Waliozijaribu walikumbana na kuteleza kwa kweli, tezi ikikimbia kulia na kushoto, na waliozoea mapezi matatu walianguka kama watoto. Wachache waliovumilia walisema kwamba ubao huo unapopata mstari wake hakuna unaoufikia kwa mbio. Hilo laeleweka, kwani hapana kinachoburuta maji.

Anayezipanda aina zote mbili hujua kuwa tofauti haimo katika ubao tu. Akishuka kwenye mapezi matatu akapanda pezi moja, kwa siku kadhaa mguu wake wa nyuma huendelea kukandamiza, kwa mazoea, na ubao humjibu kwa kumkawiza. Polepole mguu hutulia. Hapo huanza kuuona ule ukuta wa wimbi ambao alikuwa akiupita bila ya kuutazama: pale unaponenepa, pale unapojiandaa kujikunja, pale palipo na mkondo unaorudi baharini. Naye anayetoka pezi moja kwenda mapezi matatu hushtuka kwa jambo lingine, nalo ni kwamba ubao unamtii kabla hajamaliza kuamua. Wapo wanaoupenda mshtuko huo maisha yao yote, na hapana sababu ya kuwalaumu.

Simon Anderson hakuchukua hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Mbao za mapezi matatu zilichongwa California, Brazil, Ufaransa, Afrika Kusini na kila penye wimbi, na yeye hakulipwa chochote kwa ajili yake. Blake naye, aliyeuwekea hati ubao wake wenye uwazi ndani, mkuku ule wa boti aliuachia aliyetaka. Alikufa mwaka 1994, akiwa amerudi Wisconsin kwenye maziwa yake.

Kilomita chache kusini mwa Narrabeen ipo pwani ya Freshwater. Huko Duke Kahanamoku, alipoitembelea Australia mwishoni mwa mwaka 1914, alijichongea ubao kwa mbao za msonobari zilizopatikana hapohapo, akaenda nao majini, na watu wa Sydney wakajaa ufukoni kumtazama. Alipoondoka aliuacha. Ubao huo ulihifadhiwa na klabu ya waokoaji ya pwani ile, mzito, wa rangi ya asali iliyoiva, omo yake imeviringwa na tezi yake imekatwa bapa, na chini yake hamna pezi lolote.